Saa Juu ya Redio

Nitawaambia, ila msiniulize mji huo uko wapi. Nimeshagundua kuwa anayeuliza "mji gani?" hataki kujua ulipo, anataka kuhakikishiwa kwamba si wake. Basi mji ni mji. Una kisima, una soko, una jalala, una nyumba zenye mapazia ya kufumwa kwa mkono, na una watu wenye adabu kupita kiasi, wanaosalimiana mpaka hali za kuku zinaulizwa. Kinachoutenga na miji mingine ni desturi moja tu. Katika mji ule, saa ambayo mwenye nyumba ameivua mkononi haihesabiwi.

Yaani hivi. Mwanamume akipandwa na hasira, au akitaka tu kupandwa nazo, kwanza huvua saa yake ya mkono akaiweka mahali. Ukelele ukitoka, majirani wa kushoto na wa kulia huinuka, wakaiendea saa yao ya ukutani, wakaigeuza uso itazame ukuta. Hawafanyi kwa ubaya, la hasha. Wanaita kumsitiri jirani. Mtu amepewa nyumba na Mungu, akapewa na paa juu yake, wewe nani wa kumhesabia dakika zake? Kukinyamaza, saa zinageuzwa tena, mishale inasogezwa palepale ilipokuwa, na watu wanaendelea kuchagua mchele wao. Ndiyo maana Baraza la mji halikuwahi kuandika kesi ya namna hiyo hata moja. Hawakukataa. Walikuwa na swali moja la kwanza, la upole kabisa: ilikuwa saa ngapi? Na saa hiyo lazima itajwe na vinywa viwili visivyo vya nyumba hiyo. Hakuna aliyewahi kuitaja.

Hapo ndipo akili yangu hukwama, na nimekwama hapo miaka. Jambo lililotokea pasipo saa, limetokea? Mkono uliopanda, kama haukushuka saa tisa wala haukushuka saa kumi, ulishuka lini? Au bado uko juu hewani, unangoja? Watu wa mji walikuwa na jibu jepesi, kwamba halikutokea, kwisha. Lakini mwili ni mshamba, ndugu zangu, haujui sheria za mjini. Mwili unakaa na jambo. Na jambo, ili lipite, lazima liwe na saa ya kupitia, kama vile mtu anavyohitaji mlango. Likinyimwa mlango linaketi ndani, linakula, linalala, linajua majina ya wote. Ndipo watoto wa nyumba zile wakawa hawakui. Si kwa ghafla. Dakika kumi leo, nusu saa wiki ijayo, zote hazikuhesabiwa kwa yeyote, basi hazikuhesabiwa kwa mtoto pia. Unamkuta msichana ana miaka saba, mwakani ana saba, na wenzake aliocheza nao kombolela wanapita na watoto wao mgongoni.

Katika mji huo alikuwako mwanamke aitwaye Mwatumu, afisa ustawi. Kazi yake ilikuwa kukaa na wazazi na watoto wa nyumba zinazovua saa. Mtaani walimwita Bi Ustawi, na watoto walimwita Anti. Kitambulisho chake kilisema ana miaka arobaini na mmoja. Miguu yake ilisema tisa. Viatu vyake alinunua kwenye duka la sare za shule, vyeusi, vya kufunga kwa kishikizo pembeni, na muuzaji kila mara alimuuliza binti yuko darasa la ngapi. Alijibu la tatu. Hakuwahi kumweleza mtu, na katika mji wenye adabu vile hakuna aliyemuuliza. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Sasa, kazi yenyewe ina ufundi wake, na msidhani ni kukaa tu na kutikisa kichwa. Mtoto anapewa chumba chenye sinia la mchanga na watu wadogo wa udongo: baba, mama, watoto, mbuzi mmoja. Huulizwi kitu. Unachezacheza na mchanga, na neno likitaka kutoka litatoka. Likishatoka, afisa halipeleki kwa mzazi likiwa na uso wake. Kwanza ataliosha. Atalichanganya na yale yanayojulikana na jirani, na mwalimu, na muuza genge, atalizungusha wiki mbili tatu, mpaka likifika mbele ya baba halina pua ya mtu wala jicho la mtu. Maana baba akilitambua neno, atamtambua aliyelisema, na wote wanarudi kulala nyumba moja. Huu ndio msingi. Mwatumu aliwafundisha wageni wote wa ofisi jambo hili, na aliyekosea alimfokea mpaka akalia.

Tunu aliletwa na mwalimu wake, aliyechoka kumfundisha darasa la kwanza. Alikuwa binti wa Bwana Kondo kinyozi na mkewe Bi Hidaya. Ana miaka saba, alisema mwalimu, na amekuwa na saba tangu mimi naanza kazi. Alikuwa na jino la mbele linalolegea, linaloning'inia kwa uzi mmoja, nalo lilikuwa hivyo hivyo miaka yote, halidondoki wala halikazi. Alikuwa na tabia ya kulisukuma kwa ulimi huku akikutazama. Siku nne alikaa mbele ya mchanga hakugusa kitu. Siku ya tano akaangalia chini ya meza.

"Anti, mbona viatu vyako ni vya mtoto?"

Sheria ilimtaka Mwatumu aseme uongo mdogo, kwa sababu afisa haingizi nyumba yao ndani ya kile chumba. Hakusema uongo. Sijui kwa nini. Labda alichoka, labda lile jino.

"Kwetu pia walikuwa wakivua saa," alisema.

Tunu alilisukuma jino. Kisha akamchukua baba wa udongo, akamsimamisha, akaanza kueleza kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Baba anamwambia mama ageuke ukutani. Halafu anaivua saa taratibu. Anaifuta kwa upindo wa shati. Anaiweka juu ya redio, kioo juu, isije ikachubuka. Halafu anamwambia Tunu akae kwenye mkeka atazame. Halafu redio inapandishwa sauti. Yeye hapigwi. Hajawahi kupigwa hata kofi. Kazi yake ni kutazama, na baba anasema anatazama vizuri kuliko mtoto yeyote.

"Mama haioni ile saa," alisema. "Naiona mimi tu. Usimwambie baba habari ya saa."

"Simwambii."

Akalifukia lile dume la udongo mpaka shingoni. Alikuwa amemaliza.

Mimi nina hasira na Mwatumu hadi leo, na nitawaambia kwa nini, lakini kwanza niwaambie habari za Kondo, mpate kuelewa. Kondo hakuwa zimwi. Laiti angekuwa zimwi! Alikuwa mtu wa mikono miepesi, hajawahi kumkata mtu sikio, watoto wachanga waliletwa kwake kunyolewa nywele za kwanza na walilala usingizi mikononi mwake. Siku ya suluhu, ambayo desturi inataka baba, mama na mtoto waketi mkeka mmoja na kunywa chai ya tangawizi mbele ya ofisi nzima, Kondo alikuja na mandazi ya moto aliyoyanunua mwenyewe. Alimwita Mwatumu mwanangu. Alikiri kosa upesi: ana sauti kubwa, amerithi kwa marehemu baba yake, akiomba chumvi majirani wanadhani nyumba inaungua. Bwana Shomari, mkuu wa ofisi, alicheka. Bi Hidaya alicheka. Makarani walicheka. Hata mfagizi alisimamisha ufagio akacheka.

Mwatumu alikuwa na neno lake lililooshwa tayari, safi, halina uso. Ilikuwa aseme kuwa majirani wameona alama kwenye shingo ya Bi Hidaya. Alilishika mdomoni. Akawatazama wale watu wanavyocheka, akaona wanavyompenda, na ndani yake kikapanda kitu ambacho hakikuwa kazi. Alitaka Kondo ashtuke. Basi, ni hilo tu. Alitaka kwa mara moja katika miaka kumi na tisa ya kazi hiyo kumwona mmoja wao akishtuka.

"Kabla ya kumpiga," alisema, "unaifuta saa kwa upindo wa shati, unaiweka juu ya redio."

Kondo hakushtuka. Alimtazama kwanza mkewe, na Bi Hidaya alikuwa ameachama, ilionekana wazi kuwa habari za upindo na redio anazisikia leo. Basi hakuwa yeye. Kondo akageuka polepole upande wa pili wa mkeka, akatabasamu, akanyoosha kidole chepesi cha kinyozi na kupangusa chembe za andazi kidevuni kwa bintiye.

"Siri ya mtungi," alisema, "aijuaye kata."

Tunu alikuwa anamtazama Mwatumu. Ulimi ulikuwa umeacha kulisukuma jino.

Mwatumu aliinuka akasema mtoto abaki ofisini mpaka kesho. Bwana Shomari alimvuta pembeni. Alikuwa mtu mwema, nasisitiza, mtu anayependa fomu kwa mapenzi ya kweli, na alimweleza kwa upole kama anavyoelezwa mfiwa. Fomu ina kisanduku cha saa ya tukio. Bila saa hakuna tukio, bila tukio hakuna kumzuia mtoto wa mtu. Mtoto mwenyewe hajawahi kuguswa, si ndivyo? Ndivyo. "Nipe saa, Mwatumu," alisema. "Moja tu, na kinywa cha pili cha kuithibitisha. Nitaiandika kwa mkono wangu." Mlangoni Bi Hidaya alikuwa akivaa ndara, akamwambia Mwatumu ahsante dada, umeshatusaidia. Wakaondoka watatu, Kondo katikati, kamshika mtoto mkono.

Hapo Mwatumu alifanya jambo ambalo hata wehu wa mji ule hawakuwahi kulifanya. Alipanda juu ya kiti, akaing'oa saa ya ofisi kwenye msumari, akaitia kwapani, akatoka nayo barabarani. Lilikuwa jua kali, wazi kabisa, mchana wa watu wote.

Njia ya kwa Kondo alizoea kuimaliza kwa dakika kumi. Siku ile ilinyooka, ikaendelea kunyooka. Kila nyumba aliyoipita ilikuwa na mlango wa bluu wenye ufa chini, na huo ulikuwa mlango wa kwao, wa zamani, alioujua kwa vidole. Aliupita, ukaja tena. Nyuma ya kila mlango kulikuwa na mtoto wa miaka tisa amekaa mkekani, na kila alipofika karibu ni yeye.

Usisimame, alijiambia. Ukisimama utaingia, ukiingia utakaa. Nani alikusema, Mwatumu, siku ile? Mwalimu. Mwalimu wa hesabu, mwenye suti ya kijivu, alikuja nyumbani akamwambia baba: mtoto wako anasema. Akanywa maji, akashukuru, akaenda zake. Alikuwa mtu mzuri. Alitaka baba ashtuke. Alipofunga lile geti. Sauti ya lile geti. Unaikumbuka sauti ya geti, ulikuwa unaikumbuka asubuhi ya leo, uliikumbuka ukiwa umeshika kikombe cha chai. Tembea.

Ndipo akausikia ukelele, na haukuwa wa mtu mzima.

Ukelele ulikuwa mmoja, mfupi, na nyuma yake ikaja sauti nyingine aliyoifahamu vizuri: ubao unagonga ukuta, nyumba hii, nyumba ile, nyumba ya tatu, mtaa mzima unageuza saa zake kama wenye maduka wanavyofunga milango mvua ikikaribia. Mlango wa kwa Kondo ulikuwa umekomewa. Ndani redio ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo kwa sauti ya juu, majina ya marehemu na ya ndugu zao wote mpaka walioko mbali. Mwatumu hakupiga hodi. Aliinyanyua saa ya ofisi juu ya kichwa chake, uso wa saa ukiutazama mtaa, akaita.

"Saa tisa na dakika kumi na mbili!"

Mapazia ya kufumwa yalitikisika. Akangoja mshale usogee, akaita kumi na tatu. Watu wakatoka barazani, wamekasirika kwa adabu zao zilezile, wakimwuliza Bi Ustawi amepatwa na nini, mbona anawavua nguo mchana, hata kama ni kazi, kazi haina heshima? Mzee mmoja aliziba masikio kwa viganja. Bi Mwanakombo muuza vitumbua, jirani wa ukuta mmoja na Kondo, alitoka na unga mpaka viwikoni akamwambia aone haya. Mwatumu alikuwa analia, na bado alikuwa anatazama mshale.

Bi Mwanakombo alimtazama kwa muda. Sijui aliona nini. Wengine husema aliviona viatu. Alirudi ndani mwake, wakasikia saa yake inaburuzwa ukutani, akasimama mlangoni ameikumbatia, imejaa unga.

"Na kumi na nne," alisema, kama anayetema mate.

Vilikuwa vinywa viwili. Redio ilizimwa. Komeo likavutwa, na Kondo akatoka, mkono wa kushoto mtupu na alama nyeupe ya mkanda wa saa kwenye kifundo cha mkono, akitabasamu kama aliyetolewa usingizini na wageni anaowapenda. "Mwanangu," alisema, "mbona hata hodi hukupiga?" Aliwatazama majirani mmoja mmoja, vichwa vyote alivyovinyoa yeye, akingoja mmoja acheke. Hakucheka mtu. Majirani wakamkamata pale pale mlangoni, bila fujo, maana saa ilikuwa imeshatajwa na mji ule ni wa sheria.

Bi Hidaya alikuwa ndani, amesimama bado anautazama ukuta. Hakuna aliyemwambia ageuke, basi hakugeuka. Tunu alikuwa kwenye mkeka. Midomo ilikuwa imepasuka na kuvimba, damu imechora mstari hadi kwenye kola ya gauni, na mkononi alikuwa ameshika jino. Lilikuwa limetoka. Baada ya miaka yote ile lilikuwa limetoka, na pale kwenye pengo, mimi sikuwako lakini wameniapia, ncha nyeupe ya jino jipya ilikuwa tayari imetoboa ufizi. Juu ya redio ile saa ilikuwa inatembea.

Mwatumu alipiga magoti. Alinyoosha mkono na mtoto akaurudisha wake nyuma ya mgongo. Hakufoka, hakulia, aliurudisha tu. Palikuwa na afisa mwingine aliyemfuata kutoka ofisini, kijana wa kike aliyeanza kazi mwezi uliopita, na Tunu akaenda kusimama karibu na huyo, asiyemjua hata jina. Lakini fomu ni fomu. Ilibidi Mwatumu aulize, na aliuliza kwa sauti ambayo hakuitambua: alipigwa kabla ya kuanza kuitwa saa, au baada?

"Kabla," Tunu alisema. Maneno yalipita kwa shida kwenye ile midomo. Alikuwa anatazama chini, viatu vyeusi vyenye kishikizo pembeni.

"Anti," akasema, "wewe ulikuwa unajua."

Wakamchukua Tunu na mama yake, wakawavusha ng'ambo ya kisima kwenye nyumba isiyo na mwanamume. Nasikia sasa amerefuka. Nasikia anasema na kila mtu isipokuwa mmoja.

Alasiri ile ile Bwana Shomari aliagiza chai. Alikuwa na furaha ya kweli, macho yamelowa. Miaka kumi na tisa, Mwatumu, alisema, na tumepata saa. Aliwaita makarani waje waone kisanduku kinavyojazwa kwa mara ya kwanza, akaandika kwa mwandiko wake mzuri, saa tisa na dakika kumi, mbili kabla ya ile ya kwanza kuitwa, mtoto wa kike, amepigwa mdomoni. Kisha akamsogezea Mwatumu karatasi ajaze mstari uliobaki, ule unaouliza chanzo cha tukio.

Mwatumu aliandika jina lake. Bwana Shomari alicheka, akidhani amekosea akaweka sahihi mahali sipo, akamtafutia kifutio. Na mimi, ningekuwapo, ningemwambia vivyo hivyo afute. Aliyepiga ni Kondo. Mkono ni wa Kondo, saa ni ya Kondo, na mtaa mzima uligeuka ukutani. Ningemwambia yote hayo, na yote ni kweli. Hakufuta. Alikifunika kikombe cha chai kwa kisahani, kwa sababu ilikuwa inapoa, na akainama chini ya meza kufungua vishikizo.

Viatu vilikuwa vinambana. Alidhani ni kuvimba kwa mwendo. Alivivua, akakaa kidogo, akajaribu kuvirudisha, havikuingia hata vidole. Alijaribu mara ya pili, akisukuma kwa nguvu zote mpaka akaumia, mbele ya makarani waliokuwa bado wanaitazama ile fomu. Kisha akaviacha pale chini ya meza, vimepangwa sambamba, akarudi kwake pekupeku.